Maisha ya Bibi Marie Curie

Miongoni mwa wataalamu wa sayansi ambao majina yao yanajulikana ulimwenguni kote yumo mwanamke mmoja aliyeitwa Marie Curie. Yeye ndiye mwanamke wa kwanza kupewa Tuzo ya Nobel, na ndiye mtu wa kwanza, mwanamume au mwanamke, kuipata tuzo hiyo mara mbili. Hata hivyo, alipokuwa msichana, chuo kikuu cha mji aliozaliwa hakikumpokea. Sababu haikuwa upungufu wa elimu yake, kwani katika shule aliyosoma hakuwapo aliyemshinda. Chuo hicho hakikupokea wanawake.

Alizaliwa tarehe 7 Novemba, 1867, katika mji wa Warsaw, nchini Polandi, akapewa jina la Maria Skłodowska. Alikuwa kitindamimba wa watoto watano. Mama yake alikuwa mkuu wa shule ya wasichana, na baba yake alifundisha hisabati na fizikia. Nyumbani mwao mlikuwa na kabati la vioo, na ndani yake baba alikuwa ameweka mizani ndogo, neli za kioo, vipande vya mawe ya madini na vyombo vingine vya fizikia. Maria alipenda kusimama mbele ya kabati hilo akivitazama vyombo ambavyo hakujua bado kazi yake.

Mahali pa vyombo hivyo palikuwa shuleni, siyo nyumbani. Lakini wakati ule Polandi haikuwa nchi huru. Majirani watatu wenye nguvu walikuwa wamegawana ardhi yake, na Warsaw ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Watawala waliyaondoa masomo ya maabara katika shule za Wapolandi, ndipo baba yake Maria alipovihamishia vyombo nyumbani. Watoto walilazimishwa kusoma kwa Kirusi, na historia ya nchi yao wenyewe ilikatazwa. Walimu waliifundisha kwa siri. Mkaguzi alipokaribia, kengele ilipigwa kwa namna waliyoagana, vitabu vikafichwa haraka, na wasichana wakaonekana wameinamia kazi ya kushona. Kisha mwalimu humwita Maria asimame kujibu maswali ya mkaguzi, kwa sababu alikuwa na kumbukumbu njema na Kirusi chake kilikuwa safi. Mtoto huyo alijibu yote bila kosa, na mkaguzi alipotoka alilia kwa uchungu. Wazee wetu waliosoma katika shule za wakoloni hawatashangaa kusikia habari hizi.

Msiba pia haukuwa mbali na nyumba hiyo. Dada yake mkubwa, Zofia, alikufa kwa homa ya tifasi. Mwaka 1878 mama yao naye alikufa kwa kifua kikuu, wakati Maria alikuwa na umri wa miaka 10. Baba alibaki na watoto wanne na mshahara usiotosha.

Mwaka 1883 Maria alimaliza shule akiwa wa kwanza, akapewa medali ya dhahabu. Kaka yao, Józef, aliingia Chuo Kikuu cha Warsaw kusomea udaktari. Maria na dada yake Bronisława, ambaye nyumbani walimwita Bronia, walibaki nje. Bronia naye alitaka sana kuwa daktari. Wakati huo palikuwa na chuo cha siri mjini Warsaw, ambacho wanawake wengi walikwenda kusoma. Wanafunzi walikutana leo katika nyumba hii, kesho katika nyumba ile, ili polisi wasiwakamate. Wasichana hao wawili walijiunga nacho. Lakini chuo cha namna hiyo hakikuweza kumfanya mtu daktari, wala hakikuwa na maabara ya kutosha. Mji mmoja ambao wangeweza kusoma kwa uhuru ulikuwa Paris, huko Ufaransa, na fedha hazikuwapo.

Ndipo Maria alipotoa shauri. Bronia alikuwa ameweka akiba iliyotosha safari na mwaka mmoja tu wa masomo. Basi atangulie. Maria atafanya kazi, na kila mwezi atampelekea sehemu ya mshahara wake. Bronia akiisha kuwa daktari, zamu itageuka. Yeye atamsaidia Maria asome. Bronia alisita kumkubalia mdogo wake mzigo mkubwa kiasi hicho, lakini mwishowe alikubali. Patano hili la watoto wawili wa mama mmoja ndilo lililoipatia sayansi mtaalamu wake.

Tarehe 1 Januari, 1886, Maria aliondoka Warsaw kwenda kijiji cha Szczuki, safari ya kiasi cha kilomita 100, kuwa mwalimu wa nyumbani katika familia ya tajiri mmoja. Alikuwa na miaka 18. Mchana aliwafundisha watoto wa nyumba hiyo. Usiku alisoma peke yake vitabu vya fizikia na hisabati. Penye ugumu alimwandikia baba yake, naye akamjibu kwa barua. Aliona pia kwamba watoto wa wakulima wa kijijini hawakujua kusoma lugha yao wenyewe. Alimshawishi binti mkubwa wa tajiri, nao wakaanza kuwafundisha watoto hao kusoma na kuandika Kipolandi. Jambo hilo lilikatazwa na serikali, na kama wangegunduliwa wangeadhibiwa vikali.

Baadaye kijana wa kiume wa nyumba ile alitaka kumwoa. Wazazi wake walikataa, kwa kuwa Maria alikuwa mtumishi wao na hakuwa na mali. Mtu mwingine angefunga mizigo yake siku hiyo hiyo. Maria alibaki akifanya kazi katika nyumba ambayo haikumtaka, kwa sababu huko Paris Bronia alikuwa akingoja fedha.

Hatimaye Bronia alifaulu, akaolewa na daktari mwenzake, akamwandikia mdogo wake kwamba zamu yake imefika. Mwishoni mwa mwaka 1891, Maria alipanda treni kwa nauli ya chini kabisa. Alichukua chakula chake, blanketi, na kiti cha kukunja, maana mabehewa ya daraja hilo katika sehemu moja ya safari hayakuwa na viti. Alikuwa na umri wa karibu miaka 24. Wenzake wengi wa umri huo walikuwa wamekwisha kumaliza chuo.

Katika Chuo Kikuu cha Sorbonne aliandika jina lake kwa namna ya Kifaransa, Marie. Wanawake walikuwa wachache sana katika masomo ya sayansi. Aligundua mapema kwamba Kifaransa chake hakikutosha kuwafuata walimu waliosema upesi, na kwamba hisabati aliyojifunza peke yake kijijini ilikuwa na mapengo. Alihama kwa dada yake, akapanga chumba kidogo chini ya paa karibu na chuo ili asipoteze saa njiani. Chumba hicho kilikuwa na baridi kali wakati wa kipupwe. Makaa yalipokwisha, maji yaliganda usiku katika beseni, naye alilala akiwa amejifunika nguo zake zote. Kwa siku nyingi chakula chake kilikuwa mkate na chai, hata siku moja alizirai mbele ya rafiki zake. Hatulisemi jambo hili ili mwanafunzi yeyote aige kukaa na njaa. Bronia na mumewe walimkaripia kwa kosa hilo, wakamrudisha kwao kwa siku kadhaa na kumlisha nyama.

Mwaka 1893 matokeo ya mtihani wa shahada ya fizikia yalisomwa, na jina la kwanza katika orodha lilikuwa lake. Mwaka 1894 alifanya mtihani wa shahada ya hisabati akawa wa pili. Kwa masomo hayo ya mwisho alisaidiwa na fedha zilizotengwa kwa ajili ya wanafunzi wa Polandi. Alipoanza kupata kipato chake, alizirudisha fedha hizo zote, ingawa hapakuwa na aliyemdai. Alifikiri kwamba yuko msichana mwingine anayezingoja.

Mwaka huo wa 1894 alikutana na Pierre Curie, mtaalamu wa fizikia mpole na mnyamavu, aliyekuwa akifundisha katika shule moja ya fizikia na kemia mjini Paris. Walioana tarehe 26 Julai, 1895. Kwa arusi Marie alichagua vazi la rangi nzito ya buluu ambalo angeweza kulivaa baadaye maabarani. Fedha walizopewa zawadi walinunulia baiskeli mbili, nao wakazunguka nazo mashambani. Mwaka 1897 walipata mtoto wa kike, wakamwita Irène. Mama wa Pierre alifariki siku chache baada ya mtoto kuzaliwa, na baba wa Pierre, ambaye alikuwa daktari mzee, alihamia kwao akawa mlezi wa mjukuu wake. Tusisahau mchango wa babu huyu. Bila yeye Marie asingepata nafasi ya kufanya kazi tutakayoieleza sasa.

Mwaka 1896 mtaalamu wa Kifaransa aitwaye Henri Becquerel alikuwa ameona jambo la ajabu. Aliweka chumvi ya metali ya yuraniamu juu ya bamba la kupigia picha lililofungwa kwa karatasi nyeusi, isiyopitisha mwanga. Alipolisafisha bamba hilo aliona alama. Kitu fulani kisichoonekana kilikuwa kimetoka katika yuraniamu, kikapita katika karatasi. Wataalamu wengi hawakulijali sana jambo hili. Marie aliamua kulichunguza kwa ajili ya shahada yake ya udaktari wa sayansi.

Mionzi hiyo ilikuwa na tabia moja ya kufaa: ilipopita hewani, iliifanya hewa ipitishe umeme kidogo sana. Pierre na ndugu yake Jacques walikuwa wamebuni zamani chombo cha kupima umeme mdogo namna hiyo. Basi badala ya kutazama alama tu, Marie aliweza kuipima mionzi na kuandika hesabu zake. Alipima yuraniamu ikiwa kavu na ikiwa mbichi, ikiwa vipande na ikiwa unga, ikiwa ya baridi na ikiwa ya moto. Hesabu zilifuata kitu kimoja tu, nacho ni kiasi cha yuraniamu kilichokuwamo. Kwa hiyo alifikiri kwamba mionzi hii inatoka ndani ya atomu zenyewe. Siku hizi tunalitaja jambo hilo kwa maneno machache, lakini wakati ule wataalamu wengi waliamini kwamba atomu ni kitu kisichobadilika wala kutoa chochote.

Kisha akapima mawe ya namna nyingi, mpaka akafikia jiwe zito jeusi liitwalo pichiblendi, ambalo yuraniamu huchimbwa ndani yake. Kwa kuwa jiwe hilo lina yuraniamu pamoja na vitu vingine, alitazamia mionzi yake iwe hafifu kuliko ya yuraniamu tupu. Chombo kilionyesha kwamba ilikuwa na nguvu kiasi cha mara nne zaidi. Alidhani amekosea. Akapima tena, na tena.

Hebu tufikiri kwa mfano wa jikoni. Umemwona mama akitia kijiko kimoja cha chumvi katika sufuria ya mchuzi. Ukiuonja ukakuta una chumvi ya vijiko vinne, utasema nini? Ikiwa una hakika kwamba hukukosea kuhesabu, basi ndani ya mchuzi kimo kitu kingine chenye chumvi ambacho hukukiona, labda kipande cha samaki aliyekaushwa kwa chumvi. Marie alifikiri hivyo hivyo. Ndani ya pichiblendi lazima imo elementi nyingine, isiyojulikana na mtu yeyote, yenye mionzi mikali sana.

Pierre aliiacha kazi yake mwenyewe akaungana naye. Mwezi wa Julai, 1898, walitangaza elementi mpya, na Marie akaiita poloniamu, kwa heshima ya nchi yake ambayo wakati huo haikuwamo katika ramani ya dunia. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo walitangaza ya pili, radiamu. Tabia ya kutoa mionzi namna hiyo waliipa jina pia, nayo kwa Kiswahili huitwa unururifu.

Lakini wataalamu wa kemia wana desturi nzuri ya kutokuamini mpaka waone. Walitaka radiamu iliyotengwa, iliyopimwa uzito wa atomu zake. Hapo ndipo ilipoanza kazi ngumu kuliko zote. Radiamu iliyomo katika pichiblendi ni kidogo mno, hata katika tani nzima ya mawe haifiki gramu moja. Pichiblendi yenyewe ilikuwa ghali. Katika mji wa Joachimsthal, uliokuwa chini ya Austria, mawe hayo yalichimbwa ili kutoa yuraniamu ya kutia rangi katika vioo, na makapi yalitupwa msituni. Marie alijua kwamba radiamu ilikuwa imebaki katika makapi. Serikali ya Austria ikawapa tani moja, na baadaye walinunua nyingine. Magunia yalipofika Paris yalikuwa na vumbi la rangi ya kahawia lililochanganyika na majani ya misonobari.

Hawakupewa maabara. Walipewa banda katika ile shule ya Pierre, ambalo zamani wanafunzi wa udaktari walipasulia maiti. Paa lake la vioo lilivuja, wakati wa joto lilikuwa kama tanuri, na wakati wa baridi vidole viliganda. Kwa kuwa hapakuwa na dohani ya kutolea hewa yenye sumu, Marie alipikia uani, na mvua iliponyesha alihamishia vyombo ndani na kufungua madirisha yote. Alichemsha kilo 20 kwa mara moja katika chungu kikubwa, akakoroga kwa saa nyingi kwa fimbo ya chuma yenye urefu karibu sawa na kimo chake. Aliyeyusha kwa asidi, akachuja, akaacha fuwele zigande, akazitenga, akaziyeyusha tena. Kila mara alipima mionzi ili ajue radiamu imeelekea upande gani. Jioni alikuwa amechoka asiweze hata kusema. Kazi hiyo iliendelea kwa muda wa karibu miaka minne.

Mwaka 1902 alikuwa na sehemu moja ya kumi ya gramu ya chumvi safi ya radiamu, unga usiotosha kujaza ncha ya kijiko cha chai. Aliupima uzito wa atomu za radiamu, akapata kwamba ni kiasi cha mara 225 ya uzito wa atomu ya haidrojeni. Vipimo vya siku hizi huonyesha 226. Usiku, Marie na Pierre walipenda kurudi bandani bila taa kutazama neli zao zikitoa mwanga hafifu gizani. Wangeweza kuomba hati ya kuwazuia watu wengine kutengeneza radiamu bila kuwalipa, nao wangekuwa matajiri. Walikataa, wakawaeleza wote waliouliza jinsi kazi ilivyofanywa.

Mwezi wa Juni, 1903, Marie alipewa shahada ya udaktari wa sayansi. Mwaka huo huo Tuzo ya Nobel ya fizikia ilitolewa kwa ugunduzi wa unururifu. Jina la Marie lilikaribia kuachwa. Wataalamu wa Ufaransa waliopeleka mapendekezo walikuwa wamewataja Becquerel na Pierre tu. Mtaalamu mmoja wa hisabati wa Uswidi alimwarifu Pierre, naye Pierre akaandika kwamba haiwezekani kuyatenga yaliyofanywa na mkewe. Ndipo tuzo ikatolewa kwa watu watatu. Mwalimu wa hisabati mwenye kupenda haki, na mume asiyekubali kusifiwa kwa kazi isiyo yake peke yake, ndio waliolisahihisha kosa hilo.

Mwaka 1904 alizaliwa mtoto wao wa pili, Ève. Furaha ya nyumba hiyo haikudumu. Tarehe 19 Aprili, 1906, siku ya mvua, Pierre alikuwa akivuka barabara mjini Paris alipoteleza akaangukia chini ya gari zito lililovutwa na farasi. Gurudumu la nyuma lilimpasua kichwa, akafa pale pale. Marie alikuwa na miaka 38 na watoto wawili wadogo.

Serikali ilitaka kumpa malipo ya ujane. Aliyakataa, kwa kuwa aliweza kufanya kazi. Chuo cha Sorbonne kikamkabidhi kazi ya kufundisha aliyoiacha mumewe. Hapakuwa bado na mwanamke aliyefundisha katika chuo hicho. Tarehe 5 Novemba, 1906, ukumbi ulijaa watu ambao wengi wao hawakuwa wanafunzi. Walikuja kumtazama mjane akilia. Marie aliingia, akangoja makofi yatulie, akaanza kufundisha pale pale somo la Pierre lilipokuwa limekomea. Alipomaliza somo alitoka.

Katika miaka hiyo yeye na walimu wenzake kadhaa wa chuo walikubaliana kuwafundisha watoto wao kwa zamu, wavulana na wasichana pamoja. Fizikia ilikuwa zamu ya Marie. Hakuwapa maneno ya kukariri. Aliwapa mizani, chupa, neli na maji, wakagundua wenyewe kwamba hewa ina uzito, na kwa nini vitu vingine huelea na vingine huzama. Msichana mmoja wa kundi hilo aliyaandika masomo hayo katika daftari, na baada ya miaka mingi yalichapwa kuwa kitabu. Nanyi mnaweza kujaribu: liweke yai bichi katika bilauri ya maji, halafu utie chumvi kijiko baada ya kijiko huku ukikoroga taratibu. Andika ni vijiko vingapi vilivyohitajika mpaka yai likaanza kupanda.

Mwezi wa Januari, 1911, jina lake lilipigiwa kura ili aingie katika Akademia ya Sayansi ya Ufaransa. Magazeti mengine yalimshambulia kwa kuwa ni mwanamke na kwa kuwa alizaliwa nchi ya kigeni. Alishindwa kwa kura chache, na hakuomba tena nafasi hiyo maisha yake yote. Mwisho wa mwaka huo huo alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia, kwa kuzigundua radiamu na poloniamu.

Vita Kuu vilipoanza mwaka 1914, alibeba radiamu yote ya maabara yake katika sanduku la risasi, akaipeleka kwa treni hadi Bordeaux, mbali na adui, kisha akarudi Paris. Aliona kwamba askari wengi walikufa kwa sababu madaktari hawakuweza kujua vipande vya risasi vimekaa wapi mwilini. Mashine za eksirei zilikuwa chache, tena mbali na mapigano. Akatafuta magari, akayatia mashine za eksirei pamoja na dainamo iliyozungushwa na injini ya gari lenyewe, ili picha zipigwe hata mahali pasipo na umeme. Alijifunza kuendesha gari, kubadilisha gurudumu na kusafisha injini. Magari kiasi cha 20 yalitengenezwa, na vituo 200 vikaanzishwa katika hospitali. Mafundi wa kuziendesha mashine hawakutosha, basi akawafundisha wanawake wapatao 150. Irène, aliyekuwa na miaka 16 vita vilipoanza, alifanya kazi hiyo pamoja naye karibu na mstari wa mapigano.

Wakati huo madaktari walikwisha kugundua kwamba mionzi ya radiamu huweza kuua uvimbe wa saratani. Kwa hiyo bei ya radiamu ilipanda sana. Mwaka 1921 wanawake wa Marekani walichanga dola 100,000, wakamnunulia Bibi Curie gramu moja, kwani yeye aliyeigundua hakuwa na uwezo wa kununua nyingine kwa utafiti wake. Mwaka uliofuata radiamu ilianza kutengenezwa Ubelgiji kwa mawe kutoka Afrika. Mawe hayo yalichimbwa Shinkolobwe, katika jimbo la Katanga, nchini Kongo, ambako watu husema Kiswahili. Yalikuwa na yuraniamu nyingi kuliko mawe ya Joachimsthal, na bei ya radiamu duniani ikashuka. Wachimbaji wa Kiafrika walioyashika mawe hayo kwa mikono walikuwa chini ya watawala wa kigeni, na ni nadra majina yao kutajwa katika vitabu vya sayansi.

Mionzi inayotibu huweza pia kudhuru. Marie na Pierre hawakulijua jambo hili walipoanza. Walishika radiamu kwa vidole, wakaichukua mifukoni katika neli za kioo, na ngozi ya vidole vyao ikaungua na kubambuka. Katika miaka ya mwisho macho ya Marie yalipungua nguvu, na damu yake ikadhoofika kwa sababu uboho wa mifupa ulikuwa umeharibika. Alikufa tarehe 4 Julai, 1934, katika hospitali ya milimani huko Ufaransa. Siku hizi watu wanaofanya kazi ya eksirei hukaa nyuma ya ukuta au huvaa joho lenye risasi, na kila mmoja huvaa kipimo cha mionzi. Katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, mjini Dar es Salaam, wagonjwa hutibiwa kwa mionzi kwa mashine zinazopimwa kwa uangalifu. Madaftari ya Bibi Curie bado yana unururifu. Yanahifadhiwa mjini Paris katika masanduku ya risasi, maana radiamu huhitaji miaka 1,600 hivi ili nusu yake iishe.

Miezi michache kabla ya kufa kwake, Irène na mumewe, Frédéric Joliot, walimwonyesha elementi nururifu waliyoitengeneza wao wenyewe, jambo ambalo hapana mtu aliyekwisha kulifanya. Mwaka 1935 walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Katika maabara ya Bibi Curie alikuwako pia msichana mmoja aliyeitwa Marguerite Perey. Alitaka kuwa daktari, lakini baba yake alikufa na fedha hazikuwapo, basi akasomea kazi ya fundi wa kemia. Bibi Curie alimwajiri mwaka 1929, akiwa na miaka 19, akamfundisha kuzitenga na kuzisafisha elementi zenye unururifu. Mwaka 1939 msichana huyo aligundua elementi mpya, akaiita fransiamu. Mwaka 1962 Akademia ya Sayansi ya Ufaransa, ile iliyomkataa Bibi Curie, ilimchagua Marguerite Perey kuwa mshiriki wake, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika historia yake ya karibu miaka 300.